Pepo la Sambaza

Mke wangu husema nina sura mbili, ya kula na ya kufunga, na kwamba ya kufunga ndiyo niliyoifanyia mazoezi. Hasemi uongo. Siku ya kufunga sikujipaka vazelini, midomo ikauke vizuri. Nilitembea pole pole kama mtu aliyetoka kuchomwa sindano. Mtu akinikaribisha chai naweka mkono kifuani, navuta pumzi, namwambia, "Leo hapana, yaya. Niko na kitu kidogo na Mungu." Halafu nanyamaza, ili aulize. Wengi waliuliza. Asiyeuliza nilimsaidia.

Mimi ni shemasi katika kanisa dogo hapa Goma, upande wa Majengo, kuta zake za mawe meusi ya volkano kama kuta nyingi za mji huu. Nafunga kila Jumatano. Mnaona? Hatujafahamiana hata dakika mbili na nimeshawaambia.

Ilikuwa Agosti 2019. Mgonjwa wa kwanza wa Ebola hapa mjini alikuwa amethibitishwa mwezi Julai, na sasa kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji ya klorini yenye robine, na kijana ameshika kile kibunduki cha kupimia joto, anakuelekezea kwenye paji la uso. Mikono hatukupeana tena, hata kanisani. Tulisalimiana kwa viwiko kama watu wanaosukumana kwa adabu. Kanisa likatangaza siku tatu za kufunga na kuomba, Jumatatu mpaka Jumatano, maombi ya pamoja saa sita mchana, kufungua saa kumi na mbili jioni.

Jumapili ile Pasta alihubiri Mathayo 6. Alieleza kwamba sheria ya Musa iliamuru siku moja tu kwa mwaka ya kujitesa nafsi, Siku ya Upatanisho, lakini yule Farisayo wa Luka 18 anasimama hekaluni kujisifu kwamba anafunga mara mbili kwa juma. Mara mbili! Nikapiga hesabu: mimi mara moja. Nikajiona mnyenyekevu, nikakaa vizuri kwenye benchi.

Kisha akasoma: "Bali wewe ufungapo, jipake mafuta kichwani, unawe uso." Akaongezea Yakobo, tuwe watendaji wa neno, wala si wasikiaji tu, hali tukijidanganya nafsi zetu. Aliposema "tukijidanganya" macho yake yalikuja upande wangu. Niligeuka nione anamtazama nani. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Alieleza pia, na alieleza vizuri, kwamba mafuta yale kwa watu wa wakati ule yalikuwa kama vazelini kwetu. Maana yake mtu ajitengeneze kama siku zote, aende kazini kwake, asimsumbue mtu na njaa yake. Hapo sikuandika kitu. Kwenye daftari langu niliandika: MAFUTA. KICHWANI. Nikapiga mstari chini. Moyoni nilikuwa nimeamua safari hii nitatii mpaka Mungu mwenyewe ashangae.

Jumatatu niliamka saa kumi na moja. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, na simu yangu haikuwa na moto hata wa kuwasha tochi. Mama watoto alikuwa amelala na mdogo wetu kifuani. Nilipapasa kwenye kabati, nyuma ya nguo, nikashika ile chupa kubwa ya mafuta ya kujipaka. Nilishangaa kidogo kuikuta nyuma ya nguo, lakini nilikuwa na haraka ya kutii. Nikamimina kiganjani, nikapaka. Nikamimina tena. Nikakumbuka mafuta ya Haruni katika Zaburi 133, yale yaliyoshuka ndevuni mpaka kwenye upindo wa mavazi, nikasema basi na yashuke. Goma iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na alfajiri zake za Agosti ni baridi. Mafuta baridi hayana la kusema. Nami vumbi la kiangazi lilikuwa limeniziba pua tangu wiki iliyopita.

Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka kazini. Motari alikwenda kama wanavyokwenda, vumbi jeusi la mawe likitupiga usoni, na baada ya mashimo kumi hivi pua yangu ikazibuka kwa ghafla. Harufu ya kwanza iliyoingia ilikuwa ya sambaza.

Asiyeijua sambaza nimwambie: ni dagaa wetu wa ziwa Kivu, urefu wa kidole, wa kukaangwa mzima mpaka mifupa inalia kama biskuti. Nikafikiri tumepita mama anayekaanga kando ya barabara. Tukapita benki, harufu ikawepo. Tukapita kituo cha mafuta, ikawepo. Motari naye aligeuza shingo kidogo akauliza, "Papa, mumebeba chakula?"

"Sijabeba kitu."

"Aksanti," akasema, sijui kwa nini, akameza mate.

Kwenye geti la jengo letu kijana wa kipimajoto alinielekezea kibunduki, akakishusha, akanikaribia kuliko taratibu zilivyoruhusu. "Thelathini na sita na nusu," akasema. "Mumeamka vizuri, Papa." Nilifurahi sana. Siri imefanya kazi! Nang'aa, hakuna anayejua.

Nina duka la fotokopi na picha za pasipoti. Ni chumba kimoja chini ya mabati, mashine mbili, jenereta nje, pazia jeupe, na kioo kidogo ukutani ambapo mteja anajitazama kabla ya kupigwa picha. Mabati yale jua likiyapata saa tatu hivi yanakuwa kikaango. Na kadiri chumba kilivyopata moto, harufu ilizidi. Si harufu ya mbali tena. Ilikuwa imeniinamia, inaniambia sikioni: chumvi kidogo, pilipili, limao.

Nikajua huyu ni nani. Nikafunga pazia, nikasimama katikati ya chumba, nikamkemea. "Wewe pepo la sambaza, toka!" Nikatikisa kichwa kwa nguvu ya Roho, na harufu ikaongezeka mara mbili. Nikaandika daftarini: *Saa tatu na nusu, adui ameleta sambaza.* Saa nne: *Ameleta tena, pamoja na kitunguu.* Nilianza kuona fahari. Mtu mdogo hatumiwi shambulio kubwa namna hii. Na kwa kuwa nilikuwa nimemkabidhi Ibilisi kesi yote, sikuwa na sababu ya kuangalia mahali pengine.

Siku ile nilizikasirikia sambaza zote. Si wenyeji hata wa ziwa letu. Zilitolewa Tanganyika zikatiwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Nikamkasirikia aliyezileta. Nikawakasirikia wavuvi wanaotoka usiku na taa zao, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, wakiimba. Wanaimba nini watu wazima usiku wote huo?

Wateja walikuja. Kila mmoja alivuta pumzi mlangoni na kuangalia chini ya meza yangu. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama tunauza na chakula. Mzee mmoja nilimshauri ajifute uso kwenye kioo kwa sababu mafuta yanang'aa kwenye picha. Alinitazama muda mrefu, kisha akanipa kitambaa chake. Sikuelewa. Nilikipokea, nikakikunja, nikamrudishia kwa heshima.

Saa sita kasoro nikafunga duka, nikaenda kanisani.

Tulikuwa kama watu arobaini. Nikakaa benchi la mbele, mahali pangu. Mama wa kwaya aliyekuwa jirani yangu akasogea kidogo, kisha akasogea tena, mpaka akafika mwisho wa benchi. Pasta akasema tupige magoti, kila mtu aombe kivyake. Nikapiga magoti, nikaweka paji la uso kwenye benchi, mikono huku na huku, kisogo juu, nikaanza kuomba kwa sauti ya chini. Si ya chini sana.

Kulikuwa na kitu kikipita kwenye nguo yangu. Nikafikiri ni upepo. Nilikuwa nimefika mahali pa kumwambia Mungu kwamba nimefanya kama alivyosema, kwa kificho, kwa moyo mweupe, na kwamba akiona vema anipe ishara. Hapo nikasikia juu ya kisogo changu kitu cha moto, chenye unyevu, kikinigusa pole pole kutoka shingoni kuelekea utosini.

Ndugu zangu, nililia. Niliinua sauti nikasema, "Naam, Bwana! Sema, kwa kuwa mtumishi wako anasikia!" Kikanigusa tena. Cha tatu kilikwaruza. Kilikwaruza kama msasa wa seremala, halafu makucha manne yakashika sikio langu ili kazi iende vizuri.

Nilipiga kelele ambayo majirani wa kanisa wanaiigiza mpaka leo. Arobaini wote walifumbua macho, wakamwona shemasi wao amesimama juu ya benchi na paka wa kahawia ananing'inia kwenye kola yake, hana hata wasiwasi, bado analamba.

Watu walicheka, na ni haki yao. Mzee mmoja alimwondoa paka kwa utaratibu. Mama wa kwaya akasema kwa upole kabisa, na najua sasa hakuwa na ubaya, "Pole, Papa Shemasi. Amesikia tu harufu ya sambaza mliyokula."

*Mliyokula.*

"Sijala!" nikasema. Nilikuwa bado juu ya benchi. "Tangu jana usiku sijatia kinywani hata tone la maji! Nimefunga! Na si leo tu, nafunga kila Jumatano, mwaka wa saba huu! Mwaka jana nilifunga siku kumi mfululizo na sikumwambia mtu yeyote!"

"Mulituambia," ikasema sauti ya mama mwingine kutoka nyuma. "Siku ya pili tu mulituambia."

"Mimi aliniambia ya kwanza," akasema mlinzi wa mlangoni.

Pasta alinikaribia. Alikuwa ameuma midomo, mabega yanamtikisika. "Shemasi," akaninong'oneza, "nani amekuuliza?"

Nilitafuta mtu aliyeniuliza. Hakuwepo.

Nilirudi dukani kwa miguu, maana motari wawili walisimama na wote wawili wakavuta pumzi. Njaa haikuniuma hata kidogo. Kilichoniuma ni hesabu niliyokuwa nikiipiga njiani: tangu alfajiri mpaka saa sita na nusu, hakuna mtu hata mmoja katika Goma nzima aliyejua nimefunga. Ilikuwa kama ilivyoandikwa kabisa. Baba aonaye sirini alikuwa na sehemu yake, mimi na yeye tu. Na mama mmoja wa kwaya alipodhani nimekula samaki, niliivunja siri ya muda wa saa saba na nusu kwa pumzi moja, nikaongeza na miaka saba ya akiba.

Nikafungua duka, nikaenda moja kwa moja kwenye kile kioo. Yakobo anamtaja mtu anayejiangalia uso katika kioo, akaenda zake, akasahau alivyo. Huyo ana nafuu, alianza kwa kujiangalia. Mimi nilikuwa nimeshinda nacho tangu asubuhi nikiwaonyesha wengine nyuso zao. Kichwa changu kilikuwa na tope jeusi, vumbi la Goma na mafuta vikiwa vimekandwa pamoja kama lami, na mfereji mmoja safi katikati ya kisogo, kazi ya paka. Juu ya sikio la kushoto kulikuwa na kitu kimeganda. Nikakibandua kwa ukucha. Kilikuwa kichwa cha sambaza, kimekaangwa vizuri, kidogo kama punje ya mahindi, jicho lake jeupe limenitolea.

Jioni mama watoto alinieleza mwenyewe kabla sijauliza, maana alikuwa anaitafuta chupa. Mafuta ya kukaangia anayobakiza huyatia kwenye chupa tupu ya mafuta ya kujipaka na kuyaficha nyuma ya nguo, kwa sababu jirani yetu mmoja huja kukopa kila jioni na akiona dumu hawezi kumnyima. (Mathayo 5:42 iko wazi kuhusu atakaye kukopa kwako, lakini ile ni kesi yake, mimi nilikuwa na yangu.) Ijumaa alikuwa amekaangia sambaza.

"Yalikuwa ya kunitosha mpaka Jumamosi," akasema, akiinua chupa kwenye mwanga wa mshumaa. "Shemasi, ulipaka kichwa au ulipaka ukuta?" Kisha akaketi chini akacheka mpaka mtoto akaamka.

Alinipa bidoni moja ya maji, lita 20, akasema hakuna ya pili. Nikaosha kwa sabuni ya kipande, nikaosha kwa sabuni ya unga, nikaosha kwa majivu. Foronya yake alinikataza. Nililalia gunia la mchele. Jumanne nilifunga, Jumatano nikafunga, na hakuna aliyehitaji kuambiwa wala kufichwa chochote, kwa sababu kanisa zima lilikuwa halinitazami bila kuuma midomo.

Lakini usiku ule wa Jumatatu, tulipozima mshumaa, kulikuwa na mkwaruzo dirishani. Ukanyamaza. Ukaanza tena, na sauti nyembamba ya kubembeleza.

Mama watoto alinisukuma kwa kiwiko.

"Shemasi," akasema gizani, "kondoo wako anakuita."