Nadal bila udongo, na Djokovic bila sakafu ngumu

Mjadala wa nani bora zaidi kwenye tenisi ya wanaume ukimfikia Rafael Nadal, huwa haukosi hesabu hii: ondoa mataji yake 14 ya Roland Garros, yale ya udongo wa Paris, anabaki na Grand Slam 8, yaani mataji ya mashindano manne makubwa zaidi ya mwaka. Hesabu ni sahihi, ila hupigiwa yeye peke yake. Ondoa mataji 14 ambayo Novak Djokovic ameyachukua Melbourne na New York kwenye sakafu ngumu, na 24 zake zinashuka hadi 10. Pengo kati yao linabaki 2, lile lile la 24 kwa 22.

Djokovic haitwi mtaalamu wa sakafu moja kwa sababu kalenda imeegemea upande wake. Grand Slam mbili kati ya nne ni za sakafu ngumu, na Masters 1000, mashindano ya ngazi iliyo chini ya Grand Slam, sita kati ya tisa. Tatu ni za udongo. Nyasi haina hata moja.

Hata hivyo, wanaomtilia shaka Nadal wana hoja ya kiufundi. Uwanja wa Paris una tabaka la vumbi la matofali la milimita 1 hadi 2 tu, juu ya chokaa iliyosagwa. Mpira ukigusa pale hupoteza kasi na kudunda juu. Mkono wa kushoto wa Nadal, wenye mzunguko mkali, ukawa unaupandisha mpira hadi begani kwa mpinzani anayetumia mkono wa kulia, tena upande wake wa bakhendi, yaani wa kushoto. Roger Federer, mpinzani wao mkubwa mwenye bakhendi ya mkono mmoja, aliteseka hapo miaka mingi. Ndani ya ukumbi, mpira unapodunda chini na upepo haupo, silaha hiyo ilipungua makali: Nadal hakuwahi kutwaa Fainali za ATP, mashindano ya wachezaji nane bora wa mwaka, akipoteza fainali za 2010 na 2013.

Lakini udongo huo huo unapunguza pointi za bure za mpigo wa kuanzisha. Kushinda mechi 112 na kupoteza 4 Paris kunadai miguu na akili, si mdundo pekee.

Kwa maoni yangu Djokovic yuko mbele, na sababu ni upana: ndiye mwanaume pekee aliyechukua kila Grand Slam mara tatu au zaidi. Tukikubali kipimo hicho, basi kimguse pia Pete Sampras, mwenye mataji 14 ya Grand Slam lakini aliyeishia nusu fainali Paris, mwaka 1996. Kwa kawaida yeye husamehewa.

Na upana wenyewe haukuwa na bei moja nyakati zote. Wimbledon ilihamia nyasi ya aina moja tu, rai (ryegrass), mwaka 2001, mdundo ukawa wa kutegemewa zaidi, na wachezaji wa mstari wa nyuma wakapata nafasi. Nadal alishinda pale 2008 na 2010. Naye Rod Laver wa Australia alipochukua Grand Slam zote nne mwaka 1969, tatu zilichezwa kwenye nyasi.