Mediki wa jeshi afupishiwe njia ya kuwa muuguzi?

Nchini Marekani, muuguzi wa jeshi akivua gwanda hapati taabu kubwa ya kazi. Ni afisa mwenye digrii, alifaulu NCLEX-RN, mtihani uleule wa leseni ya uuguzi wanaofanya raia, na leseni yake ya jimbo ilikuwa hai muda wote wa utumishi. Ubishi unamhusu mediki, askari aliyefunzwa wiki 16 hivi pale Fort Sam Houston, Texas, kisha akapelekwa mstari wa mbele. Akirudi uraiani, cheti alicho nacho ni cha EMT, ngazi ya chini ya wahudumu wa ambulensi.

Wanaotaka afupishiwe njia wana hoja nzito. Mediki hufundishwa kufunga mkanda wa kuzuia damu na kuandika saa aliyoufunga. Hufundishwa kuchoma kifuani sindano nene (geji 14), yenye urefu wa sentimita 8, ili kutoa hewa inayobana pafu. Uraiani, katika majimbo mengi, cheti chake hakimruhusu hata kuweka dripu! Akipeleka chuoni rekodi ya mafunzo yake ya jeshi, mara nyingi anahesabiwa alama za masomo ya hiari tu. Saa za mafunzo ya wodini anazodaiwa zinabaki palepale. Huko ni kupoteza watu, na wodi zinawahitaji.

Lakini wanaopinga nao wameiona wodi. Majeruhi wa vitani kwa kawaida ni kijana aliyekuwa mzima hadi dakika ile. Wodini yuko bibi wa miaka 78 mwenye moyo dhaifu, anayetumia digoksini, dawa ya moyo, pamoja na furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo. Kabla ya kumpa digoksini, muuguzi husikiliza mapigo ya moyo kifuani kwa dakika nzima. Yakiwa chini ya 60, huizuia dozi na kumwita daktari. Hutazama pia potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, kwa sababu furosemaidi huitoa kwenye mkojo, na ikishuka chini ya milimoli 3.5 kwa lita digoksini hugeuka sumu kwa urahisi. Hapo hakuna damu inayomwagika, kwa hiyo jicho lililozoea majeraha linaweza kupita bila kuona kitu. Ongeza wajawazito, watoto wachanga na wagonjwa wa figo, ambao mediki hukutana nao kwa nadra.

Kwa maoni yetu njia ifupishwe, ila kwa mtihani, si kwa heshima ya gwanda. Mfano uko jeshini humohumo: wauguzi wasaidizi wa Jeshi la Nchi Kavu husoma takriban mwaka mmoja, hufanya NCLEX-PN, mtihani wa ngazi yao, na kupata leseni, na vyuo vingi huwapokea katika programu fupi ya kuwa wauguzi kamili. Mediki naye apimwe kwa vitendo, asamehewe sindano, vidonda na huduma ya dharura, lakini saa za wazee, uzazi na ugawaji wa dawa asipunguziwe.

Anayekaribia kumaliza mkataba aangalie hesabu. GI Bill, fao la serikali la kuwalipia askari masomo, ni la miezi 36, na masomo ya awali, yaani anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia, hula karibu mwaka. Ayasome akiwa bado kazini kwa msaada wa ada wa jeshi, lakini asiyasome mapema mno: vyuo vingi hukataa masomo ya sayansi yaliyopita miaka 5 au 7.