Piano iliyoachwa chini ya daraja

Mwezi Juni 2014 piano kubwa ya miguu mitatu ilionekana kwenye ufuko mwembamba wa East River, New York, upande wa Manhattan, chini ya Daraja la Brooklyn. Nilikuwa katika mwaka wangu wa tatu mjini humo, na nilikwenda kuitazama mara mbili. Maji yalipojaa yaliifikia, na yalipokupwa yaliiacha juu ya mchanga na mawe. Nilibonyeza kibao kimoja: kilishuka polepole, hakikutoa sauti, wala hakikupanda tena, kwa kuwa mbao zilikwisha kuvimba na mchanga ulikuwa umejaa baina ya vibao.

Watu walikuja wengi. Kijana mmoja alijilaza juu ya kifuniko chake ili mwenzake ampige picha. Magazeti yaliuliza imetoka wapi, kama yalivyouliza Januari 2011, ilipoonekana piano nyingine juu ya fungu la mchanga katika ghuba ya Biscayne, Miami, hadi kijana wa miaka 16 na familia yake waliposema kwamba wao ndio walioipeleka. Lakini pale ufukoni, kwa muda wote niliosimama, sikumsikia mtu akiuliza: ya nani?

Siwalaumu walioitupa. Piano ina vibao 88 na nyuzi zaidi ya 200 zilizokazwa kwenye fremu nzito ya chuma, na kubwa kama ile huweza kupita kilo 300. Kuishusha kutoka ghorofani kunahitaji wanaume kadhaa na lori, na gharama yake mara nyingi huzidi bei ya piano kuukuu. Kinachonihuzunisha ni kwamba mzigo wa namna hiyo unaweza kutoka katika nyumba ya mtu, ukapita mlangoni, ngazini na barabarani, na asiwepo jirani wa kusema, "Ile ni ya fulani, nimeisikia ikipigwa miaka yote."

Kwetu Tanga, kama ingeachwa usiku ufukoni chini ya Bustani ya Jamhuri, kabla ya adhuhuri ingejulikana imetoka nyumba gani, imebebwa na lori la nani, na kama mwenyewe amefiwa au amefilisika. Nakiri kwamba ujuzi huo huchosha. Nilipokuwa kijana niliondoka kwa furaha, nikiwa nimechoka kuulizwa kila siku ninakwenda wapi na ninatoka wapi. Nakiri pia kwamba chuma chake kingeishia kwenye mizani ya wanunuzi wa chuma chakavu. Hata hivyo kingepimwa na watu wanaomjua mwenyewe, na huenda wangempelekea fungu lake.

Mjomba wangu wa Ngamiani, huko huko Tanga, mji wa kikundi cha taarabu cha Black Star Musical Club na mwimbaji Shakila, alipiga kodiani kwenye taarabu za harusi. Aliihifadhi ndani ya kanga mbili, mbali na dirisha, kwa sababu hewa ya bahari huvimbisha mbao na kutia kutu. Mivukuto yake ilikuwa na viraka vya ngozi ya kiatu alivyovibandika mwenyewe kwa gundi ya mpira, na kila alipomaliza kiraka aliifungua na kuifunga taratibu, sikio likiwa karibu, akitafuta upepo unaovuja. Aliposhindwa na maradhi ya mikono, mtaa mzima ulijua kodiani imekwenda kwa nani.

Jioni ya siku ile ya pili nilimpigia simu. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mwanangu." Nilimsimulia habari za daraja, maji na kile kibao kilichokataa kupanda. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na mwenyewe mmemtazama? Yu hai?"

Nilimwambia kweli, kwamba hatukumtazama.