Bentley Blower za 1929 zilizoundwa upya: mabishano yako kwenye chuma, tatizo liko kwingine

Tangu Bentley watangaze mwaka 2019 kwamba wanaunda Blower 12 mpya kwa kuiga gari ya mbio ya 1929 ya dereva Tim Birkin, wapenzi wa magari ya zamani hawajaacha kubishana. Wako wanaosema hii ni heshima kubwa kwa waliotangulia, na wako wanaosema hapa historia inauzwa kwa wenye hela tu basi. Mi hizi gari nazipenda kutoka moyoni na nimezifuatilia muda mrefu, na naona pande zote mbili zina hoja ila kuna jambo moja kubwa zote zinalipita.

Kwa asiyezijua, Blower ni Bentley 4½ Litre ambayo Birkin alitaka ifungwe supachaja, kile kifaa cha kusukuma hewa nyingi ndani ya injini. W.O. Bentley mwenyewe, mwanzilishi wa kampuni, hakutaka hata kusikia, msimamo wake ulikuwa ukitaka spidi zaidi ongeza ukubwa wa injini, sio kuilazimishia hewa. Birkin akazunguka, akapata hela kwa tajiri Dorothy Paget, akampata Amherst Villiers ambaye ndo alikuwa mtaalamu wa supachaja, akafungua karakana Welwyn Garden City. Injini iliyokuwa inatoa kama nguvu za farasi 110 ikafika 240 hivi kwenye gari za mbio. Alafu waandaaji wa Le Mans, zile mbio za saa 24 za Ufaransa, wakataka zitengenezwe 50 za wateja ndo ziruhusiwe kushindana, zikatengenezwa 50. Na pamoja na sifa zote hizo Blower haikushinda mbio hata moja kubwa, ilipokaribia zaidi ni nafasi ya pili kwenye French Grand Prix ya 1930 pale Pau, nyuma ya Bugatti. Le Mans mwaka huo huo Birkin alimpita Caracciola wa Mercedes gurudumu zikiwa kwenye nyasi na tairi inachanika, watu wanaisimulia mpaka leo, lakini walioshinda ni Barnato na Kidston na Bentley yao ya Speed Six isiyo na supachaja.

Naeleza haya kwa sababu wanaopinga kopi wanaongea kama vile ile ya kwanza ilishuka kamili kiwandani. Haikuwa hivyo, ilikuwa ni gari ya dereva aliyebadilisha gari ya mtu mwingine bila ridhaa yake.

Sasa kazi yenyewe ilifanyikaje. Walichukua Team Car No. 2, yaani gari namba mbili ya timu ya Birkin, wakaifungua yote, kipande kwa kipande, kila kipande kikapigwa skana ya leza, wakaoanisha na michoro ya zamani. Kompyuta ikawapa vipimo, ila vipimo havigongi ribiti, vile vipini vya chuma vya kuunganishia. Chasisi ya gari ile imeshikwa kwa ribiti za moto, unaipasha mpaka inawaka nyekundu, unaisukuma kwenye tundu haraka kabla haijapoa, mwenzako anaishikilia huku wewe unagonga upande wa pili mpaka kinatokea kichwa, na ikipoa inasinyaa yenyewe inavuta vile vyuma viwili vinabanana. Kiwanda cha magari cha sasa hakina kazi kama hiyo. Ikabidi waende kwa watu ambao miaka nenda rudi kazi yao ni boila za mashine za mvuke, wao ndo ribiti za moto bado wanazo mikononi. Kwangu mimi hii ndo hoja nzito kuliko zote za upande wa kuunga mkono, ujuzi wa namna hii haukai kwenye makumbusho, ukikosa kazi miaka 30 tu umeenda na mwenye nao. Na faida nyingine ni kwamba ile orijino inapumzika, kopi ndo inapigishwa mbio, ikigonga ukuta imegonga kopi.

Upande wa pili nao nauelewa vizuri. Kampuni ya W.O. ilifilisika 1931 ikachukuliwa na Rolls-Royce, leo iko chini ya Volkswagen, kwa hiyo wanauliza hawa wa sasa wanarithi nini zaidi ya jina na nembo. Na kuna hofu ya kweli kabisa: leo kila mtu anajua hizi 12 ni mpya, lakini miaka 60 ijayo, karatasi zimepotea, chuma kimeshika kutu kidogo, ngozi ya viti imechakaa, nani atajua? Kwenye mnada tofauti ya hiyo ni mamilioni.

Na hata orijino ni nini, swali hilo lilishafika mahakamani London mwaka 1990. Old Number One, ile Speed Six iliyoshinda Le Mans 1929 na 1930, iliuzwa pauni milioni 10 alafu wanunuzi wakagoma wakisema hii siyo yenyewe. Na kweli vipande vya miaka ile vilikuwa vichache mno, gari ilishabadilishwa sana, ikafungwa injini ya lita 8, mwaka 1932 ikapitiliza ukuta wa uwanja wa mbio wa Brooklands ikamuua dereva wake Clive Dunfee, ikaundwa tena. Jaji akasema ni yenyewe, kwa sababu mnyororo wa maisha yake haukukatika. Mimi namkubali jaji. Watu wa majahazi wanafanya hivyo hivyo, ubao ukioza unatolewa unapigwa mwingine, na chombo kinabaki na jina lake kwa kuwa hakijawahi kuacha kuwa kile chombo. Kwa kipimo hicho Blower mpya siyo ya 1929, mnyororo wake unaanzia leo, hapo wapingaji wako sahihi.

Lakini lile jambo linalopitwa ni hili. Kwa miaka mingi kopi nyingi za Bentley za Le Mans zimetengenezwa kwa kuua Bentley nyingine. Mtu anachukua saluni ya miaka ya 1920, gari ya daktari au ya familia, bodi yake ya mbao na milango minne inatupwa, chasisi wakati mwingine inakatwa ifupishwe, inavalishwa bodi ya wazi na mikanda ya ngozi kwenye boneti, inapakwa kijani. Gari ya kweli imekufa ili izaliwe ya kuigiza, na kwa vile chasisi ni ya zamani wanaipokea kwa heshima kuliko Blower mpya ambayo haikuua gari nyingine! Hilo mimi linaniuma. Ukiniuliza nichague kati ya hizo mbili nachagua mpya mara mia, kwa sharti moja, namba yake mpya na mwaka iliotengenezwa vigongwe kwenye chuma cha chasisi, sehemu ambayo ukitaka kuvifuta lazima ukate chasisi yenyewe.