Waya ni Waya, Ami

Jama, joto la Mombasa mwezi wa pili halina adabu. Kaskazi inavuma, lakini Kibokoni haiingii. Ikifika mdomo wa uchochoro wetu inaziona nyumba zilivyobanana, inageuka kurudi zake baharini. Usiku unalala chali, hujabeba hata kijiko, na jasho linakutoka kama kuli wa bandarini. Feni yetu ya darini kazi yake ni kulitoa joto pembe hii kulipeleka pembe ile, kama mtu anayelipa deni kwa deni.

Mama watoto akasema mwaka huu ama AC, ama yeye anarudi kwao Lamu. Nikapiga hesabu ya nauli yake ya kwenda, na nauli yangu ya kumfuata nikambembeleze. Nikaona AC ni nafuu.

Na mashine yenyewe sina neno nayo. Nguvu yake ya kupoza BTU 12,000, kipande kimoja cha ndani cheupe pe, kingine cha nje kama sanduku la bi harusi lililotiwa feni. Nikalipa, nikapewa risiti, nikatoka dukani nikijiona mtu mzima. Kumbe pale nilikuwa nimelipa mahari tu. Arusi yenyewe ni waya, na waya hakuna aliyenitajia.

Fundi alikuja na tesita sikioni kama kalamu ya karani. "Ami, hii kazi ya saa mbili tu." Saa mbili zote zikaisha kwenye tundu la bomba. Nyumba yetu ni ya zamani, ya matumbawe na chokaa, ukuta una unene wa dhiraa nzima. Drili ikaingia ikalia, ikatoka inafuka moshi. Alipotokea upande wa pili ilikuwa magharibi, na baraza yote ya chini imekuwa nyeupe kwa vumbi, wazee na vikombe vyao vya kahawa wamo.

Kesho yake ndiyo ikaja habari ya waya. Kipande cha ndani na cha nje vinazungumza kwa waya yenye nyuzi nne: laivu, nyutro, athi ya kuupeleka ardhini umeme unaovuja, na ule wa nne wa kupeleka habari, ndani akimwambia mwenziwe wa nje aamke au alale. Fundi wangu kaja na waya ya nyuzi tatu. Nikamuuliza, maana kuhesabu mpaka nne nimesoma. "Waya ni waya, ami."

Akaufunga hivyo hivyo. Akawasha. Ndani inapuliza, nje kimya kama maiti, na kwenye kioo ikatokea herufi E na nambari yake. "Hiyo E ya nini, fundi?" "Ya ebu ngoja, ami." Akabadilisha ncha mbili, akarudisha, akabadilisha tena, hata mashine ikaona haya ikawaka yenyewe. Umeme akaupata wapi? Ekstensheni ya sebuleni, penye friji na televisheni.

Wiki nzima tulikaa kama matajiri wa Nyali. Hata mama mkwe akaja kutoka Lamu kupunga baridi, na kipepeo chake cha ukindu mkononi. Nikamcheka kimoyomoyo. Kila mashine ya nje ikiamka, taa zote zinainama kidogo kama zinatoa salamu, lakini nani anajali taa akiwa chini ya blanketi, Mombasa, mwezi wa pili?

Ijumaa nikachomeka pasi pale pale nipige kanzu. Plagi ya kawaida ni amp 13, kwa volti 240 haifiki hata wati 3,200. Pasi peke yake imekula 2,000, AC elfu moja na ushee, friji nayo haijaomba. Nikasikia harufu nikadhani ni udi wa jirani. Kuangalia, plagi imelainika kama halua na imeshikana na soketi. Kanzu nilienda nayo msikitini upande mmoja umenyooka, mwingine una makunyanzi.

Jioni nikaenda kulifuta lile sanduku la nje chumvi ya bahari. Mwenzangu! Nilisalimiwa kutoka kidoleni mpaka begani.

Nikamwita mzee mmoja fundi wa mafriji, wa Mwembe Tayari, mtu wa maneno machache. Hakugusa kitu. Akauliza meni swichi iko wapi, akazima nyumba nzima, akapima mara mbili, ndipo akafungua kifuniko. Ndani kuna skrubu nne zimepangwa. Waya wa kijani na manjano, ambao kila mtoto wa fundi anajua ni wa athi, umefungwa kwenye skrubu ya kupeleka habari. Skrubu ya athi iko tupu, inang'aa. Mzee akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Nani kafanya hivi?"

"Fundi."

"Fundi wa nini?"

Nilinyamaza.

Akasema AC hailazwi na wengine kwenye ekstensheni, inataka njia yake peke yake kutoka kwenye bodi. "Ni kama mke wa pili, lazima umpe nyumba yake." Mama watoto alikuwa mlangoni. Mzee akaendelea tu kunitajia vitu: waya ya milimita 2.5, mita 18 kutoka bodi ya chini mpaka chumbani juu, breka ya amp 20, isoleta, yaani swichi ya kuukata umeme, ya kustahimili mvua karibu na mashine ya nje, waya ya nyuzi nne, na nondo ya shaba ya athi. Kwenye waya, mimi nikarukia ya bei rahisi. Akaikwangua ncha kwa kisu: juu shaba, ndani nyeupe, aluminiamu tupu. Akanirudishia bila kusema kitu, nikarudi dukani.

Nondo ya athi tuliigongelea uani, kwenye mwamba, watu wawili kwa zamu, na mimi nikiwa wa tatu wa kupewa pole.

Sasa inafanya kazi, taa haziinami. Tatizo ni kwamba chumba chenye baridi ni kimoja, kwa hivyo tunalala sita, mama mkwe kitandani, mimi mlangoni. Jana saa nane za usiku mita ikaanza kulia, pi, pi, pi, kisha giza. Nikanunua tokeni kwa simu, nikashuka ngazi kwa tochi, nikabonyeza tarakimu 20, nikakosea ya 17, nikaanza upya. Huku juu namsikia mama mkwe: "Mwanangu, kipepeo changu mmekiweka wapi?"