Treni Lapita Michenzani Saa Tisa za Usiku

Mtambo wa ami yangu ni Pioneer SX-1250 wa mwaka 1976, redio na amplifaya ndani ya sanduku moja. Uzito wake unakaribia kilo 30, na sisi tunakaa ghorofa ya nne Michenzani, hapa Unguja, lifti hakuna. Tuliupandisha mimi na binamu yangu, ngazi kwa ngazi, Ami katangulia mikono mitupu anatuhimiza: "Polepole, wanangu. Huyo ni mtu mzima."

Zama hizo kampuni za Kijapani zilikuwa zikishindana kwa wati, kila huyu akitoa yule anamzidi. Huu una wati 160 kila upande. Ukumbi wetu, tukisogeza meza, unakaa watu saba wasiogombana. Nilipomuuliza Ami wati zote hizo za nini, alinijibu kuwa si lazima zitumike, muhimu zipo.

Pembeni yake ipo Garrard 301, mashine ya santuri iliyoanza kutengenezwa Uingereza miaka ya 1950. Hiyo ndiyo roho ya Ami. Rimoti haina. Ina swichi ya chuma: ukiiwasha imewaka mpaka uje uizime mwenyewe kwa mkono wako. Shikeni hapo, tutapahitaji.

Mimi nilikuwa nikiona ni uzee tu, mpaka siku amplifaya ilipoanza kunguruma. Fundi wa Darajani alifungua skrubu, akachungulia, akatoa kapasita zilizokauka, akalehemu mpya, akafunga. Kitu kina umri kuliko fundi mwenyewe, na kimepona. Mpelekee spika yako ya bluetooth iliyokufa, atakuuliza kama nyumbani una mtoto wa kuichezea.

Wazee wa barazani hupanda kwetu baada ya Isha. Wao husema wanafuata muziki. Uongo. Wanafuata kuzungusha. Kile kifundo cha kutafutia stesheni nyuma yake kina gurudumu zito. Ukikisukuma kwa kidole kimoja kinaendelea chenyewe, na mshale unateleza kwenye kioo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mzee mmoja mstaafu wa bandarini hukizungusha huku kafumba macho. Redio yenyewe mara nyingine imezimwa.

Halafu ipo ile santuri. Stirio ilipoanza kuuzwa, mwishoni mwa miaka ya 1950, watu walitolewa wasiwasi kwa santuri za ngurumo na magari moshi, wasikie kwa masikio yao kwamba sauti inatembea toka spika hii hadi ile. Ami anayo ya treni. Linaingia upande wa friji, linapita juu ya birika la kahawa, linatokea mlango wa choo, na wazee wote wanageuza shingo kwa pamoja. Unguja tulikuwa na reli yetu ya kwenda Bububu tangu 1905, lakini ilikufa kabla yao kuzaliwa.

Usiku huo treni lilikuwa katikati ya ukumbi umeme ulipokatika, Michenzani nzima giza. Wazee hawakuondoka. Waliendelea na kahawa yao, na gizani nikawa nasikia swichi zikilia tik, tik. Mikono haikutulia. Nani aliyegusa kifundo cha sauti mpaka leo haijulikani; kila mmoja anaapa na kumtazama mwenzake. Wakateremka kwa tochi za simu. Sindano ikabaki pale pale juu ya santuri.

Saa tisa umeme ukarudi. Friji likashtuka, feni ikaanza, na kioo cha Pioneer kikaangaza ukumbi mzima, ninapolala mimi. Mtambo ule una ustaarabu wake: ukipata moto hautoi sauti papo hapo, unasubiri sekunde chache utulie. Sekunde hizo nilizitumia kuitazama santuri ikianza kuzunguka, ikikolea, na mimi napigana na chandarua.

Tak.

Wallahi lilipita. Filimbi, moshi, makaa na yote. Vikombe vilihama kabatini. Majengo haya kwa urefu wake watu huyaita matreni, na usiku ule nikahisi letu linaondoka. Ghorofa ya juu mtu akasoma shahada kwa sauti. Mwengine akapiga kelele "Zilzala!" na ngazi zikajaa miguu. Bibi wa ghorofa ya chini alitoka mbio hadi barabarani akiwa amekumbatia jiko la mkaa, na jiko lenyewe halina hata makaa.

Ami akatoka chumbani kashika msuli kwa mkono mmoja. Nilikuwa tayari nishakaribia mashine. "Usiguse sindano!" akanifokea. "Utaikwaruza!" Akarudi ndani kutafuta miwani. Akaivaa. Akauinua mkono wa mashine kwa vidole viwili, taratibu, treni likiwa limeshapita na jengine linapiga filimbi.

Asubuhi sheha, kiongozi wa mtaa, akaja, majirani nyuma yake. Ami akamkalisha kiti cha katikati, akammiminia kahawa.

"Wanalalamikia nini hasa, Sheha?"

"Treni."

"Treni? Unguja hii?"

Akaliweka, sauti ya chini. Sheha akatulia. Shingo yake ikaanzia kwenye friji, ikaenda, ikaenda, ikaishia mlango wa choo. Mlangoni majirani walikuwa wanasukumana, na bibi wa chini, aliyekuwa mshitaki mkuu, anadai apishwe mbele, yeye masikio yake mabovu.

Sheha akatueleza sheria ya kelele za usiku, yote, kwa ukali. Tukaitika. Kisha akakisogeza kiti chake kidogo kushoto, akainama kwa Ami.

"Na meli hamna?"