Hela ya Bando Si Malipo

Kampuni moja ndogo ya viungo ya huku Hamburg, Ujerumani, imenilipa jana. Niliwapikia pilau mbele ya kamera kwa video ya mtandaoni, nikawatumia ankara, na hela ikaingia benki kabla wiki mbili hazijaisha. Sikumbembeleza mtu. Nilifurahi, halafu hasira zikanipanda, kwa sababu hoteli moja ya Zanzibar niliyoifanyia kazi ya aina hiyohiyo msimu uliopita mpaka leo inaniambia bosi yuko safari.

Na mnajua yanayofuata. "Dada, tutakucheki." "Dada, mhasibu amebadilika." Kisha siku moja inakuja meseji ya upole kabisa: basi ngoja tukutumie hela ya bando.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika kwamba nimefika Ulaya juzi tu na sasa nawafundisha watu kulipana. Kaka yangu, Wajerumani hawanilipi kwa sababu wana roho nzuri kuliko watu wa Nungwi au Sinza. Wananilipa kwa sababu sheria imewabana. Kifungu cha 286 cha sheria yao ya kiraia kinasema mdaiwa wa kibiashara asipolipa ndani ya siku 30 tangu deni liive na ankara imfikie, amechelewa rasmi. Kifungu cha 288 kinamwongezea riba ya pointi 9 za asilimia juu ya riba ya msingi, na fidia ya euro 40. Wahasibu wa huku wanazijua namba hizo kwa kichwa. Vikiondolewa vifungu hivyo, naamini na huku tungeanza kuzungushwa.

Nyumbani tunashauriana sana kuhusu wafuasi: posti kila siku, chagua saa nzuri, tumia wimbo unaovuma. Sawa. YouTube inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, halafu inakuachia asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video ndefu. Lakini tangazo linalomfikia mtazamaji wa Mwanza hununuliwa kwa bei ndogo sana kuliko linalomfikia mtazamaji wa München. Mpango wa TikTok wa kulipia video zinazozidi dakika moja uko Ujerumani, Ufaransa, Uingereza, Marekani na nchi nyingine chache, Tanzania haimo. Kwa hiyo kijana wa Mbagala mwenye wafuasi laki tatu haishi kwa mtandao wenyewe. Anaishi kwa duka la nguo, saluni, hoteli, kampuni ya simu. Anaishi kwa ankara, na ankara yake haiheshimiwi.

Kutoka hapo ndipo zinapozaliwa kiki na uchawa, mambo mawili tunayoyalaumu kila siku bila kuuliza yametoka wapi. Kazi ya mwezi uliopita ikiwa haijalipwa, huna pa kupumzikia. Lazima wiki hii uzushe jambo jipya, ugomvi wa kupanga au ndoa ya uongo, ili jina lisipoe kabla hujapata wa kukulipa. Na kijana aliyezungushwa na maduka matano, akitokea mheshimiwa mmoja anayetoa taslimu jioni hiyohiyo, atamsifu mheshimiwa huyo mpaka sauti ikauke. Watu wanawacheka machawa. Mimi nimekataa kuwacheka. Wengi wao walianza na vichekesho vizuri, mafunzo mazuri ya kilimo, mapishi mazuri.

Kipaji tunacho, na hapo sitaki mtu anipinge. Kili Paul, akiwa kwao mkoani Pwani na simu yake na rubega yake, alifuatisha kwa midomo nyimbo za Kihindi mpaka Februari 2022 ubalozi wa India Dar es Salaam ukampa heshima, na mwezi huohuo Waziri Mkuu Modi akamtaja kwenye hotuba yake ya redio. Hakuhitaji viza wala studio. Huku nakutana na watu wenye kamera za bei ya kiwanja cha Kigamboni ambao hawawezi kumshika mtazamaji hata nusu dakika.

"Utamaduni wetu si wa mikataba," nitaambiwa. Hapana, hilo silikubali hata kidogo. Nendeni kwenye kamati yoyote ya harusi. MC anachukua advansi, mpambaji anachukua advansi, mpishi hanunui mchele mpaka aione hela mkononi. Fundi cherehani wa Kariakoo anadai nusu kabla hajagusa mkasi. Hoteli hiyohiyo inayonidai subira ilimlipa mvuvi wa pweza asubuhi ileile niliyokuwa nampiga picha pweza huyo mezani. Kulipa tunajua. Tumeamua tu kwamba anayeshika simu hafanyi kazi, anajifurahisha, na kutajwa kunamtosha.

Serikali ya Tanzania imeshatambua kuwa ni kazi. Mnakumbuka 2018, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotaka mwanablogu alipie leseni ya shilingi milioni moja kwa mwaka. Ada baadaye ikapunguzwa, lakini Sheria ya Fedha ya 2024 ikaja na kodi ya zuio, inayokatwa kabla hela haijakufikia, ya asilimia 5 kwenye malipo ya watengeneza maudhui. Kenya waliiweka ya kwao 2023. Sipingi kodi, huku nalipa nyingi kuliko hiyo. Ninachotaka mkione ni asilimia hizo 5 zinakoelekea. Ujerumani kuna mfuko uitwao Künstlersozialkasse, ulioanza 1983, unaowapa wasanii na waandishi wanaojitegemea bima ya afya na pensheni. Mimi nachangia nusu, kama mwajiriwa yeyote. Nusu nyingine inatoka serikali kuu na kwa kampuni zinazotumia kazi zetu, ambazo mwaka 2025 zilitozwa asilimia 5 juu ya walichotulipa. Yaani huku kampuni inaongeza karibu asilimia 5 ili nikiugua nitibiwe, na nyumbani msanii anakatwa asilimia 5 kwenye hela ambayo huenda ameisubiri miezi minane. Na ankara isiyolipwa haina kodi ya kukatwa, kwa hiyo hata TRA inapoteza. Walioweza kuandika asilimia hiyo kwenye sheria waandike na siku 30 za kulipa ankara.

Msidhani huku ni peponi. Sheria inanilazimisha kuweka jina na anwani yangu wazi kwenye tovuti, mgeni yeyote ajue ninakolala, na karatasi za kodi zinakula Jumamosi zangu. Ila nikikaa kupanga mwaka, nauona mwaka mzima. Mdogo wangu wa Mwanza, anayehariri video vizuri kunizidi, hawezi kupanga hata kodi ya chumba ya mwezi ujao.

Mnaniuliza kwa nini basi nisirudi kuonyesha mfano. Nataka kurudi. Watazamaji wangu wengi wako Dar, Mombasa na Unguja. Wao ndio wanaonirekebisha nikikosea kipimo cha mdalasini, wao ndio wanaojua mama ninayemwiga nikikuna nazi ni wa aina gani. Wenye hoteli na maduka ya nyumbani, hao ni wateja wenu, ninawaletea bure kila wiki. Lakini chakula changu mpaka sasa kinatoka kwa Wajerumani wanaosoma maandishi ya chini ya video bila kuelewa neno ninalosema, na mimi nataka kulishwa na wanaonielewa.